Miaka 14 nachora kwa hina, mhina wenyewe sijauchora

Alhamisi iliyopita usiku nilikuwa Kibokoni, Mombasa, mikono ya bi harusi nishaimaliza, naingia miguuni, simu ikaanza kulia mfululizo. Ni mteja wangu wa zamani aliyeolewa akahamia Uingereza, kaniletea picha kumi na kitu kwa mpigo. Chini yake kaandika maneno mawili tu: "Huyu mwenzio." Nikazifungua kwa kidole cha mwisho, ndicho pekee kisichokuwa na hina.

Zilikuwa picha za kuta. Yaani ukuta wenyewe huuoni. Michoro imebanana fremu kwa fremu kama leso zilivyotundikwa Biashara Street, kisu hakipiti. Maua, mitende, migomba, milima. Jumba hilo liko Kew, ile bustani kubwa ya mimea ya London, na michoro yote 832 imetoka mkono mmoja. Mwanamke, Marianne North.

Nimesoma habari zake hadi nikasikia adhana ya alfajiri. Alizaliwa Hastings mwaka 1830, baba mbunge, pesa ipo, tusidanganyane. Mamake alipokaribia kufa alimsihi asimwache babake, naye hakumwacha. Hakuolewa. Babake akafariki 1869, binti umri wake unagonga arobaini. Hapa kwetu angeambiwa sasa tulia, uwasaidie nduguzo kulea watoto. Yeye 1871 akapanda meli kwenda Marekani, na kuanzia hapo ni kama aliyekatwa kamba: Jamaika, Brazili, Japani, Borneo, Sri Lanka, India, Australia, Afrika Kusini, hadi Chile. Mara nyingi bila mwenza wa safari. Shoga yangu anayeogopa kupanda kivuko cha Likoni peke yake nilimtumia orodha hiyo, akanijibu kwa alama ya kucheka.

Elimu ya mimea hakuisomea chuoni. Alichokuwa nacho ni jicho, na rangi ya mafuta aliyofundishwa akiwa mtu mzima. Zama zake mimea ilichorwa kwa rangi za maji, ua moja juu ya karatasi nyeupe, limekatwa, linaelea hewani halina kwao. North alilichora ua lilipo: kichaka chake, udongo wake, mdudu anayelitambaa, kilima nyuma.

Hapo ndipo niliposimama. Kwa sababu mimi ni mtu wa ua linaloelea. Waridi ninalowachorea maharusi nimelitoa kwenye waridi la mwenzangu, naye kalitoa kwenye kitabu cha Kihindi, na aliyekichora kitabu sijui kalitoa wapi. Miaka 14. Nachukua unga, natia ndimu, natia mafuta ya mkaratusi, naulaza usiku kucha, najaza koni. Ule ni unga wa majani ya mhina. Ungeniuliza Alhamisi ile ua la mhina lina petali ngapi, wallahi ningekudanganya.

Basi yule bibi jicho lake lilikuwa kali kiasi gani? Mwaka 1876 akiwa Sarawak, Borneo, aliletewa mmea ule wenye vigudulia vinavyonasa wadudu, akauchora. Mchoro ulipofika Uingereza, wauzaji wa miche, kampuni ya Veitch, wakaona huu hawaujui, wakamtuma mtu msituni autafute kwa kufuata picha. Akaupata. Leo unaitwa Nepenthes northiana. Picha ilitangulia, mmea ukafuata.

Ushelisheli alifika 1883, na hii sehemu nimeisoma mara mbili kwa sababu ya babu. Babu yangu alikuwa baharia, na kwao kulikuwa na nusu ya kifuu cha nazi ya Ushelisheli, kikubwa kama karai, bibi akikitumia kuchotea mchele guniani. Sisi watoto tulikatazwa kukigusa, na umbo lile la mapaja watu wazima walilichekea pembeni. Mnazi wake kwa asili humea visiwa viwili tu, Praslin na Curieuse, na mbegu yake ndiyo kubwa kuliko zote duniani. North aliuchora mnazi dume na mnazi jike. Lakini safari ile ilimvunja. Ndui ilizuka, akawekwa karantini kwenye kisiwa kidogo, na akili ikamchoka, akaingiwa na hofu kwamba watu wanataka kumdhuru. Mti mwingine wa huko, wenyeji wanauita kapusini, wataalamu wa mimea wakaupa jina lake North: Northia.

Simpendi kwa yote. Alisafiri na barua za kumfikisha kwenye nyumba za magavana, na watu wa nchi alizopita, wakitokea kwenye picha, hutokea wadogo, wako huko nyuma ya jani. Aliyembebea masanduku ya rangi ana jina, lakini halipo ukutani. Na kijani chake kizito mno kwangu.

Ila hili la chai limenifurahisha. Jumba alilijenga kwa pesa zake, likafunguliwa 1882, na alitaka wageni wapate chai au kahawa humo ndani. Joseph Hooker, mkuu wa bustani, akakataa. North akachora mchai na mbuni juu ya milango. Huyo angeishi Mji wa Kale vizuri kabisa.

Jumamosi nikaenda Kisauni kwa mama, kuna mhina uani karibu na tangi la maji. Nikachukua kiti cha plastiki na penseli ya mtoto. Majani mawilimawili, yanatazamana. Maua yako kwenye ncha, vishada, meupe kama maziwa yaliyokaa. Petali nne! Tena hazikunyooka, zimekunjamana kama karatasi iliyofinywa kiganjani. Kati yake zinachomoza stameni nane, vile vijiti vyenye chavua, mbilimbili, kila jozi katika pengo la petali mbili. Harufu yake huisikii puani pale pale, unaisikia ukishainuka.

Jumatatu nikajaribu kulitia kwenye mkono wa bi harusi mwingine. Mamake akauvuta mkono karibu na taa. "Mwanangu, haya ni maua au machicha ya nazi?" Nikayafuta haraka kwa kitambaa, nikarudisha waridi.

Nimeshalichora mara tisa kwenye daftari. La tisa lina sisimizi kwenye kikonyo. Mama kaniuliza huyo wa nini, nikamwambia alikuwepo.