Siku Moja Maishani Mwangu: Kuitafuta Neuropeptidi kwa Kingamwili

Saa 1 asubuhi nilifungua jokofu la maabara na kutoa trei niliyoiacha humo jioni iliyotangulia. Ndani ya visima vyake vilielea vipande vya ugwe wa mgongo wa panya, kila kimoja kikiwa na unene wa mikromita 40 na wepesi wa bawa la kumbikumbi, vilivyokuwa vimelala usiku kucha katika nyuzi 4 za Selsiasi pamoja na kingamwili, yaani protini ya kinga ya mwili inayoshika kitu mahususi, ya kutafutia dutu P, mojawapo ya neuropeptidi: minyororo mifupi ya asidi amino ambayo neva hutumia kupashana habari. Nikiwaambia watu kwamba kazi yangu ni kupaka rangi tishu za neva, wengi hudhani ninatengeneza picha za kupamba majarida. Ukweli ni kwamba ninauliza swali moja, yaani peptidi fulani imehifadhiwa wapi katika neva, kisha ninatumia siku nzima kulihoji jibu ninalopewa.

Kuosha kulichukua nusu saa: mara tatu kwa bafa ya fosfeti, dakika 10 kila mara, nikihamisha kipande kimoja kimoja kwa ncha ya brashi laini kwa sababu kibano hukipasua. Nikaweka kingamwili ya pili, ile iliyobebeshwa rangi ing'aayo na ambayo hushika ya kwanza, nikafunika trei kwa karatasi ya alumini ili mwanga usiififishe rangi, na kwa saa mbili nikakata tishu nyingine kwenye kriostati, mashine ya baridi kali ya kukatia tishu zilizogandishwa, hadi vidole vikafa ganzi.

Dutu P iligunduliwa mwaka 1931 na Ulf von Euler na John Gaddum katika dondoo za ubongo na utumbo wa farasi, lakini mpangilio wa asidi amino zake 11 haukujulikana hadi mwaka 1971. Udogo huo ndio chanzo cha taabu zetu nyingi. Peptidi ndogo kiasi hicho peke yake haiushtui mwili wa sungura, mnyama anayetutengenezea kingamwili, hivyo huunganishwa na protini kubwa ya kuibeba kabla ya kudungwa, na sungura naye hutengeneza kingamwili dhidi ya vyote viwili.

Saa 6 mchana niliketi mbele ya hadubini. Pembe ya nyuma ya ugwe, mahali zinapotua nyuzi nyingi zinazoleta habari za maumivu, ilikuwa imewaka kwa nukta ndogondogo zilizofuatana kama shanga zilizotungwa, na nakiri kwamba hata baada ya miaka yote hii moyo wangu huruka kidogo nikiziona. Ndipo nikageukia slaidi za udhibiti, zile za kupima kama mng'ao unatokana kweli na kile ninachokitafuta. Ile isiyowekewa kingamwili ya kwanza ilikuwa giza totoro, kwa hiyo kingamwili ya pili haikuwa na hatia. Ile ya pili, ambayo kingamwili yake ilikuwa imechanganywa kwanza na dutu P nyingi ya kutengenezwa ili ishibe kabla ya kukutana na tishu, nayo ilipaswa kuwa giza. Pembe ya nyuma ilizimika. Lakini kule mbele, miili mikubwa ya neva za misuli iliendelea kung'aa.

Wakati huohuo aliingia mwanafunzi wa utafiti aliyehitaji picha kwa ajili ya kikao cha kesho yake.

“Dada, nipe ya pembe ya nyuma tu. Huko kulizimika, si ndiyo maana ya udhibiti?”

“Mdogo wangu, kuzimika kunaonyesha kwamba kingamwili hii inashika dutu P. Hakuonyeshi kwamba ilichoshika ndani ya tishu ni dutu P.”

Nilimchorea kwenye karatasi mkia wa dutu P na wa nyurokinini A, peptidi mbili ambazo asidi amino tatu za mwisho ni zilezile, ili aone kwamba kingamwili inayoshika mkia huo ingezimika vilevile. Ndiyo sababu waangalifu huandika “mwitikio unaofanana na wa dutu P”. Aliniomba mara ya pili, na ya tatu, kwa adabu lakini bila kuchoka, na kila mara nilimkatalia, kwa kuwa picha ikishatoka mkononi mwangu hakuna atakayeiuliza ilipitia majaribio gani.

Alipoondoka nilisoma lebo ya chupa ya kingamwili ya kwanza: namba ya bidhaa ilikuwa ileile ya siku zote, ila ya toleo ilikuwa mpya, maana yake damu ya sungura mwingine. Kuanzia hapo sikutazama saa tena. Nilitafuta mabaki ya chupa ya zamani, nikapata matone machache yaliyotosha visima viwili, nikarudia hesabu za mchanganyiko mara tatu kwa sababu macho yalikuwa yamechoka na kosa la sifuri moja lingeharibu yote, huku mgongo ukiniuma na mkono wa pipeti ukitetemeka.

Nje kulikuwa giza nilipomaliza kuandika lebo za vichupa vitano: toleo la zamani, toleo jipya, jipya pamoja na dutu P, jipya pamoja na nyurokinini A, na jipya pamoja na ile protini ya kubebea, ambayo ndiyo ninayoishuku zaidi. Nikavipanga katika jokofu na kuufunga mlango. Kesho saa 1 nitavimimina juu ya tishu, na jibu lenyewe litapatikana kesho kutwa.