Nimeipata ile picha

Leo nimekaa saa mbili nzima nikipekua kila nilichowahi kuhifadhi kutoka mtandaoni. Kurasa, makala, picha za skrini. Miaka sita ya vitu.

Nilikuwa natafuta mchoro mmoja tu, wa kushona upya daftari lililoachia kurasa. Daftari lenyewe ni la marehemu baba.

Kiungo nilichohifadhi kimekufa: 404. Nikakimbilia Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za zamani: maandishi yapo, mchoro haupo. Ndiyo maana sasa nasema hifadhi ukurasa mzima, siyo anwani yake peke yake.

Nikabaki na picha za skrini, na majina yake ni tarakimu tupu. Bahati nzuri programu ninayotumia husoma maandishi yaliyo ndani ya picha. Nikaandika "uzi", hakuna kitu. "Daftari", zikaja picha mia na kitu, zote za mambo mengine. Nikaandika "mshono".

Ikatokea moja.

Mchoro ndio huo, sindano na matundu matano kwenye mgongo wa daftari. Lakini macho yangu yalienda juu kabisa ya skrini. Saa 02:14, betri asilimia 3, na ujumbe wa baba umeingia wakati ule ule napiga picha:

"Bado hujalala?"

Mazungumzo yetu yalipotea na simu ya zamani. Hilo neno lake lilikuwa limekaa humu muda wote huu.

Daftari sijaligusa bado. Naiangalia tu picha.

Ninyi mmewahi kukuta nini kwenye picha zenu za zamani, kitu ambacho hamkukusudia kukihifadhi? Niambieni.