Barua za wanamichezo

Nikisikia mtu anasema wanamichezo wa chuo ni watoro tu, damu hunichemka. Leo limesemwa tena kikaoni, nami sikunyamaza.

Nilikuwa mkimbiaji wa mita 800 nikisoma pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mazoezi yalikuwa alfajiri, kabla jua la Dar halijawaka, tunapandisha kile kilima cha kuelekea jengo la Utawala. Saa mbili tuko darasani, chumvi ya jasho bado shingoni. Mita 800 zina hesabu yake. Ukizunguka raundi ya kwanza kwa pupa, ukifika mita 600 miguu inajaa, mabega yanapanda masikioni, na hapo huna wa kukuokoa. Kijana anayejua kujigawa hivyo, uvivu wake uko wapi?

Nikawatajia Mike Boit wa Kenya. Alitwaa shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972. Mwaka 1976 Kenya, kama sisi, ikasusia Olimpiki ya Montreal naye yuko moto kweli kweli. Shule hakuiacha. Alisoma Marekani hadi shahada ya uzamivu, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta. Roger Bannister naye, wa kwanza kumaliza maili chini ya dakika 4, tarehe 6 Mei 1954, alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa tiba. Kuanzia 1985 hadi 1993 akaongoza Chuo cha Pembroke, Oxford.

Kinachoniuma hasa ni barua. Mashindano yakiangukia wiki ya testi, mwanafunzi anaomba afanye siku nyingine. Barua inatoka kwa mwalimu wa michezo, inalala idarani, inanifikia mimi mwalimu wa somo ina mihuri na alama ya kikombe cha chai, wakati basi la timu limeshapita Kibaha. Binti wa watu anasimama kwenye mstari hajui kama akirudi atakuta sifuri. Wasiwasi huo naujua, unakula pumzi kabla bunduki haijalia.

Nimeomba kalenda ya michezo iwe mezani siku ileile ratiba ya mitihani inapopangwa. Mwenyekiti amesema nilete kwa maandishi. Ndiyo naandika usiku huu, na kesho naipeleka mwenyewe kwa mkono, idara kwa idara, nisubiri hapo hapo mpaka isainiwe.