Usifagie

Jana jioni sijavua hata viatu, mwanangu wa pili akawa ameshaifungua bahasha iliyoletwa na konda wa basi la Lindi. Ndani mlikuwa na kalamu iliyoviringishwa kwenye karatasi ya daftari, na mstari mmoja kwa mwandiko ule ule uliokuwa ukijaza ubao wetu: wino umekwisha, tafadhali. Akaizungusha vidoleni, akapitisha ukucha taratibu, akasimama mahali pamoja.

"Baba, hapa ilivunjika?"

Miaka tisa hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia alete taa.

Wakati ule nilikuwa najifunza kukereza mbao Keko, Dar es Salaam, kwa fundi tuliyemwita Mzee. Siku ile ilikuwa Alhamisi na Mwalimu alikuwa anaagwa Jumamosi. Sote tuliopita mikononi mwake tulichanga, wenzangu wakaamua zawadi iwe kalamu na wa kuikereza niwe mimi. Mpingo nilipewa na mchongaji mmoja wa Mwenge, kipande kilichobaki chini ya sanamu, chenye unene wa kidole gumba. Ubavuni kilikuwa na ufito wa ule mti mweupe unaoelekea njano, unaokaa chini ya gome. Niliupenda sana ufito ule, nikataka Mwalimu auone kila anapoandika. Nikakikata vipande viwili, nikatoboa milimita 7, nikagundisha vibomba vya shaba ndani, nikaenda kulala.

Asubuhi kipande cha juu kilikwenda vizuri mpaka mwisho. Cha chini kilibaki kidogo sana kufika kipimo, unene wa ukucha tu. Nikatazama saa. Nikasukuma patasi.

Mlio wake si mkubwa. Tak, kama punje ya mahindi ikipasuka kikaangoni. Mashine ikaendelea kuzunguka kama hakuna lililotokea, ila sasa kila mzunguko kitu cha manjano kilikuwa kikimetameta katikati ya ule weusi. Ilikuwa shaba. Nikazima, nikabaki nimeshika patasi, mikono inatetemeka. Mpingo unachukua miongo kukomaa, mzito hata majini unazama, na mimi nilikuwa nimeuharibu kwa sababu ya saa ya ukutani. Nikanyoosha mkono kuchukua ufagio. Nilitaka kile kitu kiondoke mbele ya macho yangu.

"Usifagie."

Mzee alikuwa nyuma yangu. Akakichomoa kile kipande kwenye mashine, akakipeleka mlangoni penye mwanga, akakitazama muda mrefu. Nilisubiri anigombeze kwa ile haraka yangu.

"Tazama shaba," akasema. "Unaona nini?"

Iling'aa kama imetoka dukani leo. Hapakuwa na hata alama ya gundi.

"Hukuikwaruza kwa msasa. Tena ulikisukuma kibomba moja kwa moja, hukukizungusha kikiwa kinaingia. Gundi imekaa upande mmoja, upande huu mti ulikuwa unaelea hewani. Patasi imekuonyesha tu, mwanangu. Ungemaliza salama, ungepasukia mkononi mwa Mwalimu wako."

Kisha akatandika kiroba cheupe cha unga sakafuni, akapiga magoti. Mzee wa umri ule. Nami nikapiga.

Sijui kama mmewahi kutafuta kipande cha mpingo kwenye maranda ya mpingo. Vyote vyeusi. Tulichota konzi baada ya konzi, kuanzia miguuni mwa mashine kuelekea ukutani, tukimwaga juu ya kiroba na kutandaza kwa kidole. Cheusi nilikuwa nimeshakata tamaa nacho, nilikuwa nautafuta weupe wa ule ufito. Jasho likanidondoka kwenye maranda. Hatukusemezana. Nadhani ilipita karibu saa nzima, mpaka Mzee akaniambia nisimame polepole, nisijikung'ute. Akainamia mguu wangu, akatia vidole kwenye upindo wa suruali, akatoa kitu kidogo kama mbegu ya tikiti. Upande mmoja cheusi, upande mwingine kama siagi.

Yaliyofuata yalikwenda upesi. Tukaikwaruza shaba. Tukaupangusa mti kwa spiriti, maana mpingo una mafuta na gundi haishiki juu ya mafuta. Tone la supa gluu, kipande mahali pake, kisha tukakikaza kwa utepe wa mpira wa baiskeli mpaka baada ya adhuhuri. Ukingo mmoja ulikuwa umemomonyoka, pakabaki ufa wa unywele, Mzee akaujaza unga wa mpingo wenyewe uliotoka kwenye msasa na tone jingine la gundi. Akanoa patasi, halafu akanirudishia mimi.

"Mgongo wa patasi uguse mti kwanza. Makali baadaye. Ukipata joto, acha upoe."

Maranda yakatoka membamba kama nywele.

Jioni nilimuuliza kama nimwambie Mwalimu. Akasema, akikuuliza, mwambie. Jumamosi Mwalimu aliifungua mbele ya watu, akaandika jina lake papo hapo, watu wakapiga makofi. Hakuuliza.

Jana chini ya taa niliitazama vizuri. Ule ufito umegeuka rangi ya asali. Na kile kiraka kipo pale pale gumba linapokaa mtu akiandika, kimesuguliwa miaka tisa mpaka kinang'aa kuliko mti wote unaokizunguka, kuliko nilivyoweza kukifanya mimi na msasa wangu wote. Mwalimu huyu akiwa nyuma ya darasa alikuwa anaona koma iliyosahauliwa kwenye daftari la mstari wa mbele. Mwanangu kalijua lile ungio kwa kupitisha ukucha mara moja.

Nimeshaweka mrija mpya. Nimejaribu kwa kuandika jina la mwanangu, wino unatoka vizuri.

"Utamwambia?" akaniuliza.

Nimegeuza ile karatasi ya daftari. Nimeandika Shikamoo Mwalimu, na hapo ndipo nilipofika. Basi linaondoka saa 12 asubuhi.