Desibeli 20 zilizopotea kwenye kamera yangu

Nilipiga picha za karatasi nyeupe kwa kamera ya darubini, mwanga ukikaribia kujaza pikseli, nikagawanya wastani wa ishara kwa kelele (mtikisiko wake): 100. Ili kuugeuza uwiano huo kuwa desibeli, kipimo cha uwiano kinachotumia logi (logarithi ya kumi), nikafanya 10 × logi, nikapata desibeli 20. Vipimo vya mtengenezaji vilisema 40! Nikashuku kebo, nikashuku joto, hadi taa nikabadilisha.

Kumbe kosa ni langu. Kihisi hugeuza fotoni kuwa elektroni, kisha volti, na volti huhesabiwa kwa 20 × logi. Mtego upo, maana volti hiyo hupanda sambamba na nguvu ya mwanga, na mafundi wa faiba (nyaya za mwanga), wanaopima nguvu ya mwanga yenyewe, hutumia 10.

Pikseli inayobeba elektroni 10,000 ina kelele ya fotoni ya elektroni 100, yaani kipeuo cha pili cha 10,000. Uwiano ni 100, hivyo dari yake ni desibeli zilezile 40. Taa ya zamani nimeirudisha.