Siku yangu na wanaokohoa, Busia

Saa moja asubuhi. Nafungua madirisha yote, navaa barakoa, kisha nawapanga wanaokohoa kwenye benchi la nje. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya hapa Busia, upande wa Uganda, na kazi yangu ya kwanza kila siku ni kuwatafuta wenye kifua kikuu.

Saa mbili. Swali tunaloanzia ni moja: umekohoa wiki mbili au zaidi? Aliyefikisha anatoa makohozi yapimwe kwa mashine ya GeneXpert. Asiyefikisha, mara nyingi huondoka na amoksilini, basi. Hapo ndipo roho inaniuma. Kikohozi cha siku tano aghalabu ni mafua, nacho hupona chenyewe. Lakini wapo ambao mafua hayo yameamsha pumu waliyoishi nayo miaka mingi bila kuijua.

Saa tatu na nusu. Anaingia mama wa miaka 41, mkausha samaki kwa moshi kutoka Majanji, ziwani.

"Mama, kikohozi hiki kimeanza lini?"

"Juma lililopita, daktari."

"Na mwaka jana hukukohoa?"

"Nilikohoa. Kila mvua ikianza nakohoa, kinapoa, kinarudi."

Namuuliza kuhusu usiku. Anasema alfajiri kifua humbana na kulia kama filimbi, ndoo ya maji haifikishi nyumbani bila kupumzika. Hajawahi kuvuta sigara. Moshi wa kuni, huo ameuvuta tangu msichana.

Namsimamisha, avute pumzi hadi mwisho, apulize kwa nguvu kwenye kile kibomba cha kupimia kasi ya pumzi. Mara tatu; namba kubwa ni 210. Namvutisha salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, mara nne kupitia chupa ya maji ya nusu lita tuliyoitoboa kitako, ili dawa ifike mapafuni isiishie mdomoni. Dakika 15 baadaye anapuliza 280. Theluthi nzima imeongezeka! Ongezeko la asilimia 20 tu lingetosha kunifanya nifikirie pumu. Naye amekwishahisi tofauti kabla sijamwambia namba.

Saa sita. Chai na chapati, haraka.

Saa saba. Namwandikia barua ya kwenda hospitali ya rufaa kupimwa kwa spirometa, mashine inayopima pumzi kwa undani zaidi, maana moshi wa miaka mingi huleta pia ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, na kibomba changu hakiwezi kuyatenganisha hayo mawili. Huo si ugonjwa wa wavutaji sigara peke yao. Mwaka 2012 watafiti waliwapima watu wa zaidi ya miaka 30 vijijini Masindi, wakaukuta kwa asilimia 16. Ni kama mtu 1 kati ya 6!

Namweleza pia kwamba salbutamol hufungua kifua kwa saa chache tu. Kama ni pumu, atahitaji dawa ya kuvuta yenye steroidi inayotuliza uvimbe ndani, aitumie hata siku asipokohoa. Hiyo ndiyo inayokosekana mara kwa mara, na kumpa mgonjwa nusu ya tiba kunanikera kuliko foleni yoyote.

Saa tisa. Wagonjwa wawili zaidi wenye kikohozi kifupi. Mmoja ana mafua kweli. Wa pili, dereva wa lori, hakuwa na muda wa kupuliza. Nimemsihi apitie akirudi kutoka Mombasa.

Saa kumi na moja. Nafunga daftari. Pembeni mwa jina la yule mama nimeandika tarehe ya kurudi, na neno "wawili", kwa kuwa atakuja na mwenzake wa tanuri la samaki, anayekohoa vilevile.