Tulivyopeana zamu ya kupumzika, sisi mama wa benchi la mazoezi

Binti yangu ana miaka 9, ana mtindio wa ubongo pamoja na kifafa, hakai mwenyewe wala hatembei, anaongea kwa macho na kwa sauti zake ambazo mimi nazijua zote. Ana kilo 19. Kilo 19 sio nyingi kama mtoto anakushika shingo, ila huyu wangu akikakamaa anakuwa mzito kama gogo, na mimi namtoa kitandani nampeleka bafuni, bafuni kwenye kiti chake, kwenye kiti mkekani, kila siku ya Mungu. Tunaishi Mbagala, mume wangu ni dereva wa malori, akishika njia ya Tunduma wiki mbili tatu hayupo. Kwahiyo degedege la usiku wa manane ni langu na mchana ni wangu.

Mwaka juzi mgongo ukagoma. Asubuhi moja nimeinama nimtoe kwenye beseni nikashindwa kunyanyuka, nikakaa chini palepale nimemshika kichwa kisizame, maji yanapoa, naita jirani kupitia kidirisha cha bafuni. Hospitali nikapewa dawa za maumivu nikaambiwa nipumzike. Nikamuuliza daktari nipumzike vipi na mtoto nimwachie nani, akawa ameshaita mgonjwa mwingine.

Njia za kawaida nilizijaribu. Dada wa kazi alikaa siku 11, siku alipomuona mtoto yuko kwenye kifafa povu linamtoka akafunga begi, kwao waliambiwa ukigusa lile povu na wewe unakipata. Jamani sio kweli, kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kushikana, lakini huwezi kumlazimisha mtu mwenye hofu amshike mwanao. Mama mkwe, ambaye namheshimu sana, akaniambia mwanangu huo ni mtihani wako, vumilia. Nikavumilia tena miezi minne.

Mambo yalibadilika kwenye benchi la kusubiria mazoezi ya viungo ya watoto wetu. Kila Alhamisi tunakaa pale na watoto mapajani, wengine toka saa 1 asubuhi. Mama mmoja wa Chamazi alikuwa amepitiwa na usingizi, mtoto wake akaanza kuteleza, nikamdaka na nikajikuta nimeshamkalisha vizuri bila hata kufikiria, mkono kwenye nyonga, kichwa kimeegemea begani kwangu. Mama akashtuka, akaniangalia, akasema "dada, wewe unajua kushika". Nikamwambia na wewe wa kwangu ungemuweza. Tukatazamana. Yani muda wote tunahangaika kutafuta mtu wa kumfundisha kumbe wanaojua tunakaa nao benchi moja kila wiki!

Tulianza watatu, mimi, yeye na mama mmoja wa Kongowe. Mpango ni mwepesi, kila Jumamosi watoto wote watatu wanakuwa nyumba moja na mama wawili, wa tatu anaondoka saa 3 asubuhi mpaka saa 11 jioni. Wiki ya tatu zamu inakurudia. Mlezi mmoja peke yake na watoto watatu hatukubali hata iweje, maana mmoja akipata degedege wengine wanabaki na nani. Kila mtu anakuja na pampasi zake, uji wake na dawa za mwanae, mtoto akiwa na homa zamu inaahirishwa, na hela haidaiwi ila nauli ya bajaji tunasaidiana.

Jumamosi ya kwanza haikwenda vizuri. Wa Kongowe alimlisha binti yangu akiwa ameegemezwa nyuma kama anavyomlisha wa kwake, akapaliwa, kifua kikakoroma siku mbili nzima na mimi silali nasikilizia isije ikawa nimonia. Nililia, lakini sikumlaumu, kosa lilikuwa langu, nilimwachia mtoto bila maelezo. Ndio nikanunua kaunta buku nikaandika kila kitu. Uji uwe mzito, kijiko kiwe kidogo cha plastiki maana anang'ata. Akae wima, kidevu kiiname kidogo. Usiongeze kijiko kabla hujaona koo limepanda likashuka. Akimaliza asilazwe, akae wima nusu saa. Dawa saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, isirukwe. Degedege likianza mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, angalia saa, dakika 5 zikifika hujaona dalili ya kuacha mkimbize hospitali, mimi utanipigia ukiwa njiani. Akivuta sauti ndefu ya puani ni kiu, sio njaa. Wenzangu nao wakaandika yao, na kabla ya kuachiana tena kila mmoja alimlisha mtoto wa mwenzake mara tatu mwenyewe akiwa pembeni anaangalia. Kama unataka kuanza na wenzio usiruke hiyo hatua hata kama umechoka vipi.

Zamu yangu ya pili nilienda kwa mdogo wangu Kibada. Nilipiga simu mara saba mpaka wa Chamazi akaniambia dada lala, nikikuhitaji nitakupigia. Nikalala saa 5 mchana nikaamka saa 10, na nilipoamka mkono ulikuwa unapapasa godoro unamtafuta.

Zamu iliyofuata nikamchukua mdogo wa kiume wa binti yangu, ana miaka 6, tukaenda kula mihogo Coco Beach. Kwenye daladala akaniuliza "mama, leo ni mimi na wewe tu?" Hakunyamaza njia nzima, shule, mwalimu, mpira, jino linalotikisika. Hilo jino lilikuwa linatikisika wiki mbili na mimi sikuwa na habari.

Sasa tuko sita, makundi mawili. Afisa ustawi wa jamii wa kata alitueleza kitu ambacho sikuwahi kukisikia, kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009, kifungu cha 28 kinataja msaada wa serikali kwa familia zenye hali ngumu na ndani yake kuna kumpumzisha mlezi. Imeandikwa kabisa! Tukaandika barua serikali ya mtaa kuomba chumba kimoja siku za Jumamosi, kwasababu nyumba zetu ni vyumba viwili na viti vya watoto watatu havipiti hata mlangoni. Mwenyekiti ameipokea, ameigonga muhuri, tunasubiri jibu. Jumamosi hii anapumzika wa Kongowe, watoto wako kwangu, uji wa saa 4 nshausaga.